Mpenzi wa Zamani katika Arusi ya Kimaasai: Uwanda wa Tuala

Kabla ya nyumba za mawe kuenea Tuala na Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1946, uwanda huo ulikuwa malisho ya Wamaasai, ambao arusi yao, iitwayo enkiyama kwa Kimaa, ilikuwa na mhusika mmoja asiyetajwa katika mazungumzo ya mahari. Huyo alikuwa mpenzi wa ujanani, kwa kawaida morani, yaani kijana wa rika la wapiganaji, ambaye desturi ilimruhusu kumpenda msichana lakini haikumruhusu kuoa kabla ya Eunoto, sherehe ya kuwavusha morani kuelekea uzee; hivyo msichana mara nyingi aliozwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali.

Siku ya kuondoka, bibi arusi alitembea polepole bila kutazama nyuma, kwani masimulizi yalionya kwamba angegeuka jiwe. Huenda onyo hilo lilikusudiwa kumzuia asitamani kurudi kwao, ingawa ni vigumu kutowaza pia juu ya kijana aliyebaki kando ya boma. Alipofika, wanawake wa boma jipya walimlaki kwa matusi ya kimila, naye akagoma kuingia hadi aahidiwe mifugo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inadai ridhaa ya wote wawili na umri wa miaka 18, kwa hiyo mpenzi wa zamani aweza sasa kurejea akiwa bwana arusi. Eunoto iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa urithi unaohitaji ulinzi wa haraka. Mpenzi wa zamani hakuorodheshwa.