Dawa ya Homa ya Matumbo Iliyoshusha Sukari

Mwaka 1942, nusu ya Ufaransa ikiwa mikononi mwa Wajerumani na chakula kikiwa haba, Daktari Marcel Janbon wa Montpellier alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo. Aliwapa dawa mpya ya jamii ya salfa, iliyojulikana kwa namba tu: 2254 RP. Baadhi yao wakachanganyikiwa, wakapatwa na degedege, na wengine wakafa. Janbon angeweza kuisingizia homa, maana nayo huua. Yeye aliishuku dawa. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka kupita kiasi.

Habari hizo alizipeleka kwa Auguste Loubatières, mtaalamu wa fiziolojia mjini humo humo, ambaye alikuwa ameshachunguza degedege linaloletwa na insulini iliyozidi. Mwezi Juni Loubatières alimlisha dawa mbwa aliyenyimwa chakula, akawa anampima damu. Sukari ikateremka taratibu. Jaribio lililofuata ndilo lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu: mbwa aliyetolewa kongosho lote hakubadilika, ila aliyeachiwa kipande chake, sukari ilishuka. Kumbe dawa haikuwa badala ya insulini. Ilikuwa ikilisukuma kongosho litoe insulini yake lenyewe, na hivyo ingemfaa mgonjwa ambaye kongosho lake bado lina nguvu kidogo, kama walivyo wengi wenye kisukari cha aina ya pili.

Tangu 1922 tegemeo la wenye kisukari lilikuwa sindano za insulini. Synthalin, kidonge cha Kijerumani cha kushusha sukari cha miaka ya 1920, kiliachwa kwa kudhuru ini.

Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ugunduzi wa Montpellier haujawafikia wagonjwa, na njia ilifunguka Berlin, tena kwa bahati. Hans Franke na Karl Joachim Fuchs walikuwa wakijaribu karbutamidi, dawa nyingine ya jamii ya salfa, dhidi ya bakteria, wakaona dalili za sukari kushuka. Fuchs aliimeza mwenyewe, jambo ambalo kamati ya maadili ya leo isingelikubali hata kidogo. Mwaka 1955 walitangaza matokeo kwa wagonjwa wa kisukari. Karbutamidi ilikuwa na madhara, ikaipisha tolbutamidi, ndugu yake asiyeua bakteria, iliyoingia madukani Marekani mwaka 1957. Wale ambao kongosho lao halikutoa tena insulini, watoto wengi wakiwemo, waliendelea na sindano.