The Voice: Shindano linaloanza kwa majaji kumpa msanii kisogo

KATIKA mashindano mengi ya kusaka vipaji vya uimbaji, mshiriki huanza kuhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Majaji humtazama mavazi, umbo, umri na hata namna anavyopanda jukwaani. Shindano la The Voice, lililoanzia Uholanzi mwaka 2010, liliupindua utaratibu huo kwa kutumia kitu ambacho hakuna aliyekitilia maanani hapo awali: kiti.

Wanamuziki wanne wenye majina makubwa, ambao huitwa makocha na si majaji, huketi wakiwa wamelipa jukwaa kisogo. Mshiriki huingia na kuimba kwa muda mfupi. Kocha anayevutiwa na sauti hubonyeza kitufe na kiti chake huzunguka. Akigeuka mmoja, mshiriki huingia moja kwa moja katika kikosi cha kocha huyo. Wakigeuka wawili au zaidi, mambo hubadilika kabisa: sasa ni nyota wanaobembeleza na kutaniana, na mwimbaji asiyejulikana ndiye mwenye kuchagua. Asipogeuka yeyote, safari yake imekwisha.

Ni vyema kukumbuka kuwa upofu huo ni wa makocha peke yao. Kabla ya siku hiyo watayarishaji huwa wamekwisha kuwasikiliza, na kuwaona kwa macho, watu wengi zaidi ya wale wanaofika mbele ya viti. Usawa unaosifiwa na matangazo ya kipindi una mipaka yake.

Hatua inayofuata ndiyo chungu. Kocha huwachukua watu wawili wa kikosi chake mwenyewe, akawapa wimbo mmoja wauimbe pamoja kana kwamba wako ulingoni, kisha akamwacha mmoja. Katika toleo la Marekani, tangu mwaka 2012 kocha mwingine aliruhusiwa kumnyakua aliyeachwa, na hivyo kumpa nafasi ya pili. Katika raundi za mwisho kura za watazamaji ndizo huamua, na ushindi wa mwimbaji huhesabiwa pia kuwa ni wa kocha wake.

Wapenzi wa muziki wa Afrika Mashariki watauona tofauti huo upesi. Katika Bongo Star Search ya Rita Paulsen, majaji hukaa upande wao na mshiriki upande wake. Katika Tusker Project Fame, ambayo mshindi wake wa kwanza alikuwa Valerie Kimani wa Kenya mwaka 2006, washiriki waliishi katika akademi wakifundishwa na walimu, lakini waliowakosoa jukwaani walikuwa watu wengine. The Voice iliziunganisha kazi hizo mbili: anayekufundisha wiki hii ndiye anayeweza kukutema wiki ijayo.

Mwasisi wake ni John de Mol, Mholanzi yule yule aliyeuletea ulimwengu Big Brother, akishirikiana na mwanamuziki Roel van Velzen. Kipindi cha kwanza kilirushwa na kituo cha RTL 4 Septemba 17, 2010, na mshindi, Ben Saunders, alipatikana Januari 2011. Miezi michache baadaye, Aprili 26, 2011, NBC ya Marekani ilianza toleo lake ikiwa na Christina Aguilera, Cee Lo Green, Adam Levine na Blake Shelton. Shelton alidumu katika kiti chake kwa misimu 23, hadi mwaka 2023. Nchini Uingereza kipindi kilianzia BBC mwaka 2012. ITV iliinunua kampuni ya de Mol mwaka 2015, na kufikia Januari 2017 kipindi kilikuwa kimehamia kwake.

Je, shindano hili huzaa nyota? Hapa ndipo penye mjadala mkubwa. Mshindi wa kwanza wa Marekani, Javier Colon, alipata dola 100,000 na mkataba wa kurekodi, lakini mwaka uliofuata alikuwa ameshaachana na kampuni hiyo. Waliong'ara zaidi mara nyingi ni wale walioshindwa. Morgan Wallen alitolewa mwaka 2014. Albamu yake ya Dangerous ilikaa wiki 10 mfululizo kileleni mwa chati ya albamu ya Billboard mwaka 2021. Becky Hill aliishia nusu fainali nchini Uingereza mwaka 2012, na miaka miwili baadaye alishiriki katika wimbo ulioshika namba moja nchini humo. Duncan Laurence hakushinda kwao Uholanzi, ila mwaka 2019 aliishindia nchi yake taji la Eurovision. Ufaransa ina mfano wa pande zote mbili: Kendji Girac alishinda mwaka 2014 akawa nyota kweli kweli, ilhali Louane, ambaye hakufika fainali mwaka 2013, alipata tuzo ya filamu ya César mwaka 2015 kabla hata muziki wake haujakomaa.

Sababu haiko mbali. Televisheni huhitaji mshindi mpya kila msimu, na makocha ndio wanaorudi. Mtazamaji humzoea kocha, mwimbaji hupita.

Lakini hakuna aliyepita kwa kishindo kama Cristina Scuccia. Mwaka 2014 makocha wote wanne wa toleo la Italia waligeuka na kumkuta mtawa wa Kikatoliki, amevaa joho na kilemba chake. Alishinda. Novemba 2022 alieleza hadharani kuwa ameuacha utawa, na akaendelea na muziki.

Mwaka 2016 Afrika ilipata matoleo kadhaa, yakiwamo ya Nigeria, Afrika Kusini na nchi zinazozungumza Kifaransa. Kwa Nigeria, miongoni mwa makocha alikuwamo Timi Dakolo, ambaye mwenyewe aliibuka kutoka shindano la Idols West Africa mwaka 2007. Katika toleo la Kifaransa alikuwamo Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu.

Viti hivyo vimekuwa na kivuli pia. Januari 2022, RTL ilisitisha The Voice of Holland baada ya tuhuma kwamba wanawake walioshiriki walinyanyaswa kingono na watu wenye mamlaka katika kipindi. Nchini China, ambako kipindi kilipoteza leseni ya Waholanzi mwaka 2016 kutokana na mzozo wa haki, kituo cha Zhejiang kilisitisha matangazo Agosti 2023. Mwezi mmoja baada ya kifo cha mwimbaji Coco Lee, aliyekuwa kocha mwaka 2022, ilisambaa sauti yake akilalamika kuwa hakutendewa haki katika kipindi hicho.