Watoto wangapi hupiga hodi usiku wa Halloween? Mitaa ya Marekani haifanani

Kila mwaka, mwezi wa kumi unapokaribia kwisha, ndugu zetu waliohamia Marekani hutupigia simu na maswali ya Halloween. La kwanza ni la dhamiri: je, watoto waende na wenzao wa shule kuomba pipi? La pili ni la hesabu tu, na ndilo tunalojibu zaidi hapa: "Tununue pipi kiasi gani? Mwaka jana kwetu hakuja mtoto hata mmoja, na rafiki yetu wa mtaa mwingine zilimwishia kabla ya saa mbili usiku."

Halloween ni jioni ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote. (Ni tarehe ileile tunayomkumbuka Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517, ingawa jirani yako wa Marekani huenda hajui hilo.) Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland walifika nayo Marekani katika karne ya 19. Desturi ya watoto kwenda nyumba kwa nyumba ilienea huko miaka ya 1930, ikapungua wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kwa sababu sukari iligawiwa kwa kipimo, kisha ikashika mizizi baada ya vita, familia zilipojenga makao mapya pembezoni mwa miji. Watoto huvaa mavazi ya kujigeuza, wanapiga hodi na kusema maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tupe kitu kitamu au tutakufanyia vituko". Wakipewa, wanashukuru na kwenda mlango unaofuata. Vituko vyenyewe siku hizi ni vichache.

Kuna kanuni moja ambayo haijaandikwa popote lakini karibu kila mtu anaijua. Taa ya mlangoni ikiwaka, watoto wanakaribishwa. Ikizimwa, wanapita.

Sasa hesabu. Ofisi ya sensa ya Marekani imewahi kukadiria kwamba watoto wa miaka 5 hadi 14, ambao ndio wanaotazamiwa kutoka jioni hiyo, ni kama milioni 41. Usichukue hesabu hiyo ukaigawanya kwa idadi ya nyumba. Mtoto mmoja akipita milango ishirini, amehesabiwa mara ishirini, na milango hiyo yote inaweza kuwa katika mtaa mmoja. Hesabu iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku tunaipata kwa wataalamu wa saikolojia waliofanya utafiti mjini Seattle na kuuchapisha mwaka 1976. Katika nyumba 27 walihesabu watoto 1,352, yaani kama 50 kwa kila nyumba. Nia yao haikuwa kupanga ununuzi wa pipi. Walitaka kujua ni nani atachukua zaidi ya pipi moja aliyoruhusiwa, mwenye nyumba akiisha kutoka chumbani. Watoto waliokuwa kundini, na ambao hawakuulizwa jina, ndio waliochukua zaidi. Wachungaji wenzetu wanaofundisha shule ya Jumapili hawatashangaa.

Hamsini hiyo ni wastani tu, na wastani huficha mengi. Mtoto anataka milango mingi kwa hatua chache. Kwa hiyo mtaa wenye nyumba zilizopangana karibu, wenye njia ya waenda kwa miguu na taa barabarani, hujaza watoto. Mtaa wa matajiri wakubwa, wenye mageti na bustani ndefu kati ya nyumba na nyumba, unaweza kukosa watu kabisa. Jengo la vyumba vya kupanga nalo hukosa wageni ikiwa mlango wa chini hufungwa kwa ufunguo. Mtaa wa wazee, ambao watoto wao wamekwisha kuondoka, hupoa mwaka hata mwaka. Tena kuna sifa: mtaa ukijulikana kuwa unapamba nyumba na kutoa vizuri, watu huja kwa magari kutoka mbali, na mwaka unaofuata huja wengi zaidi.

Kampuni ya Zillow, inayoshughulika na habari za nyumba, iliwahi kupanga miji kwa kufuata bei ya nyumba, wingi wa watu, urahisi wa kutembea kwa miguu na kiwango cha uhalifu. Bei ya nyumba inatutia mashaka. Inaweza kudokeza ukubwa wa pipi, lakini haisemi kama kuna mtu atakayefungua mlango.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa watu wetu. Mwaka 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo. Familia nyingi huanzia katika vyumba vya kupanga, ambako hodi za jioni hiyo ni chache. Wazazi wakikubali watoto watoke, huwapeleka mtaa mwingine, wenye nyumba nyingi na taa nyingi. Je, wenyeji wa mtaa huo wanafurahi? Mwaka 2014 gazeti la Slate, linalosomwa mtandaoni, lilichapisha barua ya mtu aliyeishi katika mtaa wa watu wenye mali. Alilalamika kwamba watoto wengi waliofika kwake waliletwa kwa gari kutoka mitaa maskini, na akauliza kama analazimika kuwapa. Mshauri wa gazeti, Emily Yoffe, alimjibu kwa ukali: anunue pipi za kutosha, awape wote. Watu walibishana sana juu ya barua hiyo. Sisi tunaona swali la mwandishi huyo lilikuwa baya kuliko gharama ya pipi zake. Mtoto aliyepiga hodi amekwisha kuwa mgeni, na hatuoni sababu ya kumuuliza anatoka kartie gani.

Hofu nayo hupunguza hesabu. Mwaka 1974 huko Texas baba mmoja alimuua mwanawe kwa pipi yenye sumu. Mwaka 1982, karibu na Chicago, watu saba walikufa kwa dawa za maumivu zilizotiwa sumu, na wazazi wakaogopa kila kitu kilichotoka mikononi mwa watu wengine. Mwanasosholojia Joel Best amechunguza habari hizo kwa miaka mingi bila kupata mtoto hata mmoja aliyethibitika kuuawa na mgeni aliyegawa pipi zenye sumu ovyo. Hatari ya kweli ni gari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, juu ya ajali za miaka zaidi ya arobaini, ulionyesha kwamba hatari ya mwenda kwa miguu kugongwa na kufa jioni ya Halloween ilizidi ya jioni nyingine kwa asilimia 43. Shikeni watoto mkono, na msiwavike nguo nyeusi tupu.

Kwa ajili ya usalama makanisa mengi huegesha magari uwanjani na kugawa pipi kutoka nyuma ya magari hayo. Ni jambo jema, ila milango ya mitaani hubaki bila hodi, na jirani hakutani na jirani.

Kuhusu dhamiri, wachungaji hawakubaliani, na hatutawaamulia wazazi. Mwenye kuzima taa hamtukani mtu. Mwaka 1950, mchungaji wa Kipresbiteri Clyde Allison na mkewe Mary Emma, wa Philadelphia, walianza kuwatuma watoto waombe sarafu kwa ajili ya watoto wenye shida badala ya pipi. Ndivyo ulivyozaliwa mchango wa Halloween wa UNICEF.

Mkiamua kuwasha taa, ulizeni kwanza jirani siku na saa, kwa maana miji mingine hupanga yake. Des Moines, ambako Wakongomani ni wengi, kwa miongo mingi tangu 1938 watoto walitoka tarehe 30, na ilibidi waseme kichekesho kabla ya kupewa. Kisha nunueni paketi mbili tu, wekeni karatasi na kalamu karibu na mlango, na kila mtoto akipita piga mstari. Mwaka ujao mtajua.