Kulia au kushoto? Namna mkono na mguu unavyopimwa

MICHAEL Olunga, aliyeichezea Thika United mwaka wa 2014 kabla ya kujiunga na Gor Mahia, ni mshambuliaji wa mguu wa kushoto. Hata hivyo, mguu anaopigia mpira mchezaji hautoshi kuonyesha mkono anaoupendelea. Viungo hivi hupimwa kila kimoja peke yake, tena kwa matendo kadhaa.

Kipimo cha mkono kinachotumika sana ni kile cha Edinburgh, kilichochapishwa na R. C. Oldfield mwaka wa 1971. Mtu huulizwa kuhusu matendo 10, yakiwemo kuandika, kurusha, kukata kwa makasi, kupiga mswaki, kutumia kijiko na kuwasha kiberiti. Alama za kushoto hutolewa kwenye zile za kulia, tofauti hiyo ikagawanywa kwa jumla ya alama zote, kisha ikazidishwa kwa 100. Mwenye alama 8 za kulia na 2 za kushoto hupata 60. Anayetumia kulia pekee hupata 100, na wa kushoto pekee -100.

Mguu una kazi mbili: kutenda na kuhimili mwili. Apigaye mpira kwa mguu wa kulia husimamia wa kushoto. Ndiyo maana hojaji ya Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ya mwaka wa 1998, huuliza kuhusu yote mawili.

Kwetu kuna mtego. Jina "mkono wa kulia" lenyewe lamaanisha mkono wa kulia chakula, na mtoto hufunzwa mapema kula na kusalimia kwao. Kijiko basi huweza kupima malezi badala ya maumbile.

Mwalimu wa chekechea mjini Ruiru au kocha wa watoto Thika aweza kupima bila gharama. Auweke mpira mbele ya mtoto, katikati kabisa, asimwambie atumie mguu upi, na arudie siku tofauti. Vilevile asichanganye upendeleo na ustadi, kwani ustadi huongezwa na mazoezi kwa mguu wowote.

Takriban mtu 1 kati ya 10 duniani hutumia mkono wa kushoto. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni kama 5. Wapimwe ili wajulikane, si ili wageuzwe: wakalishwe mwisho wa dawati upande wa kushoto, wasigongane viwiko na wenzao wanapoandika.