Gamba Dogo Lipimalo Umri wa Mwamba

Mtu achimbaye kisima cha maji huuona kwa macho yake udongo anaoufikia. Mchimba mafuta ya petroli hana bahati hiyo. Shimo lake ni jembamba, lashuka futi elfu na zaidi, na kinachomfikia juu ni matope na vipande vya mwamba uliosagwa na kekee. Atajuaje kama amefika kwenye tabaka alitafutalo, au amelipita na kuzitupa fedha zake bure?

Taabu hiyo iliwapata sana watu wa pwani ya Texas, katika Marekani. Huko matabaka ya mchanga na udongo hufanana mno, tena mahali pengi chumvi iliyo chini imeyasukuma juu. Tabaka lililo karibu hapa, kule huwa mbali. Basi kina cha shimo hakikuwa dalili ya kutegemewa. Nayo makombe ya baharini, ambayo wataalamu waliyazoea, yalivunjwa na kekee yasitambulikane.

Lakini viko viumbe vya bahari viitwavyo foraminifera. Kila kimoja ni chembe moja tu yenye uhai, na vingi hujijengea gamba la chokaa, dogo kama punje ya mchanga. Kikifa, gamba huzama topeni, na baada ya zama nyingi tope huwa mwamba. Aina moja hutokea, huenea, kisha hutoweka isirudi tena. Kwa hiyo mwamba wenye magamba ya aina hiyo ni wa zama zake. Na kwa udogo wake, gamba huponyoka kekee likiwa zima.

Mwaka wa 1921 Bibi Esther Richards, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Esther Applin, aliyaeleza haya mbele ya mkutano wa wataalamu. Yasimuliwa kwamba profesa mmoja alisimama akamdhihaki, kwamba msichana aliyetoka shuleni juzi awafundishe wazee jambo lisilowezekana.

Yeye aliendelea na darubini yake. Mjini Houston walikuwako mabibi wengine wawili wa kazi hiyo hiyo, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, kila mmoja akitumikia kampuni yake. Na makampuni hayo yalishindana. Hata hivyo walilinganisha waliyoyaona, na mwaka wa 1925 wakayachapisha pamoja. Walionyesha chini ya pwani ile matabaka matatu yaliyofuatana, kila moja na gamba lake: juu Discorbis, katikati Heterostegina, chini Marginulina. Mwenye kisima aliyeliona la tatu alijua kwamba mawili ya kwanza yako juu yake.