Nyota, Vipimo na Shairi: Elimu ya Ahmad ibn Majid

Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15 kutoka Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo, aliandika sehemu kubwa ya elimu yake ya bahari kwa mashairi. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa Bahari ya Shamu, na baba aliacha utungo wa beti zaidi ya elfu moja kuhusu njia za bahari hiyo. Mwana aliurithi, akausahihisha kwa yale aliyoyapima mwenyewe. Mwaka 1462 alitunga Hawiya, utungo wenye beti zaidi ya elfu moja zinazofundisha misingi ya urubani.

Kazi ya rubani ilikuwa ya usiku, chombo kikiyumba na maji yakirukia sitaha. Hapo hapakuwa na nafasi ya kufunua kitabu. Aliyehitaji kipimo cha bandari fulani alikikumbuka kwa mizani na kina. Mizani ilikuwa pia mlinzi: msomaji akiangusha neno, ubeti ulipungua na kosa likasikika. Ulinzi huo haukuwa kamili. Saba na tisa kwa Kiarabu zina mizani moja, na zikiandikwa bila nukta hufanana, kwa hiyo tarakimu moja iliweza kuingia mahali pa nyingine bila shairi kulalamika.

Vipimo vyenyewe vilidai umakini mkubwa. Urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari ulihesabiwa kwa isba, yaani upana wa kidole, na isba moja ilikuwa kama digrii 1.6. Rubani alishika kibao cha mti kilichofungwa uzi, akakisogeza mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Mwendo ulihesabiwa kwa zamu za saa tatu tatu: chombo kikielekea kaskazini moja kwa moja, zamu nane zilichukuliwa kuwa sawa na isba moja. Zaidi ya hayo, nyota ya Jaa, inayoonyesha kaskazini, wakati huo ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa karibu digrii 3.5. Aliyeipima saa yoyote tu angepotea. Ilibidi aijue saa inapofika chini kabisa ya mzunguko wake, na saa hiyo aliitambua kwa vituo 28 vya mwezi, navyo pia vilihifadhiwa kwa beti.

Pwani ya Afrika Mashariki ilizidisha ugumu. Kusini ya ikweta Jaa huzama, na rubani wa Kilwa alilazimika kupima nyota mbili za Farqadani. Kuelekea Sofala hizo nazo hazitoshi, na kipimo huhamia kwenye nyota za Dubu Mkubwa. Utungo wa Ibn Majid uitwao Sufaliya unaifuata pwani hiyo hadi Sofala, bandari ya dhahabu. Thamani yake ni kubwa mno, kwa sababu unaieleza pwani ya Waswahili kwa jicho la mtu wa chombo kabla Wareno hawajaitawala.

Hata hivyo shairi hubana. Linataja kipimo, lakini halina nafasi ya kueleza kwa nini kipimo hicho kiaminiwe kuliko kingine. Huenda ndiyo maana, akiwa mtu mzima mwenye miaka mingi baharini, Ibn Majid aliandika kwa nathari Kitabu cha Fawaid, mnamo 1490. Humo anajadili sindano ya dira, pande zake 32, majira ya kaskazi na kusi, alama za nchi kavu na mwenendo wa rubani kwa abiria. Anawapima pia waandishi waliomtangulia, akiwaona wengi wao kuwa wakusanyaji wa maneno ya wengine. Na hata katika nathari hiyo anarudi kwenye beti kila mara.

Hadithi maarufu humtaja kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Wanahistoria wengi hawaikubali: mwandishi Mreno João de Barros anamtaja rubani huyo kuwa Mwislamu wa Gujarat. Barros anasimulia pia kwamba rubani hakushangazwa na astrolabu ya Wareno, akawaonyesha chombo chake cha vibao.

Katika karne ya 16 Sulayman al-Mahri aliiendeleza elimu hiyo, zaidi kwa nathari, na mwaka 1554 amiri wa Kituruki Seydi Ali Reis aliikusanya katika kitabu chake. Nakala za Ibn Majid zilizohifadhiwa Paris zilitolewa na Gabriel Ferrand katika miaka ya 1920. Sufaliya ilibaki katika hazina ya miswada ya Leningrad hadi Teodor Shumovsky alipoichapisha mwaka 1957, pamoja na tungo nyingine mbili za rubani huyo.