Mgongo wa Bizimu: Nakshi Iliyofichwa kwenye Joho

Imezoeleka kufundishwa kwamba bizimu za Ireland na Uskoti za karne ya 7 hadi ya 9 zilikuwa alama za hadhi: mtu alibana joho lake, na waliomtazama wakajua daraja lake kabla hajafungua kinywa. (Wengi siku hizi husema bruchi. Nabaki na bizimu, kwa kuwa kazi ya kwanza ya kitu hiki ni kufunga.) Dai hilo lina mashiko. Maelezo yaliyoambatishwa kwenye sheria za kale za Waairishi kuhusu watoto wanaolelewa nje ya kwao yanawapangia wana wa wafalme bizimu kwa ngazi, za dhahabu kwa wakubwa na za fedha kwa walio chini yao. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wanaoifanya hadhi kuwa jibu la kila swali, kana kwamba sonara hakuwahi kuchonga mstari mmoja bila kuwaza macho ya watu.

Kinachonisumbua ni mgongo wa bizimu ya Tara. Jina lenyewe ni la kibiashara: iliokotwa mwaka 1850 Bettystown, Kaunti ya Meath, na ni sonara wa Dublin, George Waterhouse, aliyeipachika jina la kilima cha wafalme huku akiuza nakala zake. Sasa imo katika Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Ni pete ya fedha iliyofunikwa dhahabu, kipenyo chake hakifiki sentimita 9, na pini yake ina urefu wa takriban sentimita 32. Mbele kuna nyuzi za dhahabu nyembamba mno, nyingine zenye vifundo kama shanga, zilizopindwa zikawa wanyama, na katikati yake kaharabu na vioo. Mtafiti Niamh Whitfield ameichambua kazi hiyo ya nyuzi kwa kina, nami sina la kuongeza.

Sasa igeuze. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu picha za pande mbili bila maelezo, si mmoja tu aliyedai kwamba mgongo ndio uso. Kuna vibamba ambamo mizunguko myembamba inajikunja ndani ya mizunguko mingine, weusi juu ya fedha, na pembeni msururu wa ndege na wanyama. Na mtindo si uleule. Wanyama waliosukwa wa mbele wana nasaba na ufundi wa Wagermani. Mizunguko ya mgongoni ni urithi wa Waselti wa kabla ya Ukristo. Lugha ya mababu imewekwa upande unaogusa nguo.

Wapo watakaosema ni suala la matumizi tu: nyuzi zilizoinuka zingenasa kwenye sufu, kwa hiyo fundi akachagua nakshi bapa. Sawa, hiyo inaeleza kwa nini ni bapa. Haielezi kwa nini ipo, maana bamba tupu lingekuwa laini zaidi. Pingamizi lenye uzito ni kikombe cha ibada cha Ardagh, ambacho chini ya kitako chake kumepambwa kwa jiwe angavu. Inasemwa waumini walikiona padri alipokiinua. Lakini kikombe huinuliwa kwa ibada. Joho halipinduliwi mbele ya watu.

Mgongo ulikuwa wa nani, basi? Nadhani wa mwenyewe, na ushahidi wangu hautoki Tara peke yake. Bizimu ya Hunterston, ndugu yake wa karibu aliyepatikana Uskoti, ilichorwa mgongoni katika karne ya 10 kwa herufi za runi, zikitamka kwa Kinorsi kuwa ni mali ya Melbrigda, mtu mwenye jina la Kiselti. Nafasi ilikuwepo, naye akaitumia pasipoonekana. Ni kweli kwamba mchoraji huyo alikuja karne kadhaa baada ya fundi, na sitadai kwamba waliwaza sawa. Ila wote wawili waliuona upande huo kuwa unastahili kazi.

Uingereza kuna mfano wa karne ya 11 ulio wazi zaidi. Mwaka 1694, Sutton katika Isle of Ely, ilichimbuliwa bizimu ya fedha ya mviringo. Mgongoni mwanamke aitwaye Ædwen anatangaza kwamba ni yake, kisha anamwomba Mungu amlaani atakayemnyang'anya, isipokuwa kama yeye mwenyewe ametoa kwa hiari. Ikiwa kifuani, laana hiyo haisomeki. Huisoma Ædwen akiivua jioni, au mwizi akishaiba.